Mbu hasubiri Jumamosi ya mwisho wa mwezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji. Mvua za masika zimekaribia, na kama ilivyo ada gari la matangazo litapita mitaani kutukumbusha: fyekeni majani, fukieni madimbwi, zoeni taka, lalani ndani ya chandarua. Kisha itafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tutatoka na mafyekeo na mabeleshi, na jua likipanda kila mtu atarudi kwake akiamini kwamba suala la mbu limemalizwa.

Usafi wa Jumamosi hiyo ni kazi njema, na sitaki mtu aiache. Mitaro ikizibuliwa, kipindupindu kinakosa njia. Lakini kwa mbu anayeeneza homa ya dengi hesabu haikai sawa hata kidogo. Katika joto letu la pwani, yai la mbu huyo likishaguswa na maji linakuwa mbu mwenye mabawa ndani ya siku 7 hadi 10. Kutoka Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu hadi ya mwezi ujao ni siku 28, na mara nyingine 35. Hapo katikati ndoo moja iliyosahauliwa nyuma ya jiko inaweza kukuza kizazi, kikaruka, kikauma, kikataga, na watoto wake nao wakaruka, kabla hatujashika tena ufagio. Dengi ilipiga Dar es Salaam mwaka 2010, ikarudi 2014, na 2019 ikaja kwa nguvu kuliko zote: waliothibitika kuugua nchini mwaka huo walizidi 6,000, wengi wao wakiwa wakazi wa jiji hili. Ninachoomba ni kwamba usafi wa mbu uwe na siku yake kila wiki, na chombo chake kikuu kiwe brashi, si fyekeo.

Kiswahili chetu kimewapa wote jina moja, mbu, na hapo ndipo kinga inapoanza kuchanganyika. Mbu wa malaria, anofelesi, huuma usiku, zaidi kuanzia watu wanapolala hadi alfajiri, na hutaga kwenye maji yaliyotuama ardhini yanayopigwa na jua: majaruba ya mpunga, madimbwi, mashimo ya kufyatulia matofali, mitaro ya bustani za mchicha mabondeni. Akitua ukutani, mwili wake unainuka nyuma kama msumari uliopigwa upande. Yule anayetulilia masikioni usiku kucha mjini kwa kawaida ni kuleksi. Huyo anapenda maji machafu ya makaro, vyoo vya shimo na mitaro iliyoziba, na ndiye msambazaji mkubwa wa minyoo ya matende na mabusha huku pwani. Wa tatu ni aedesi, ndiye wa dengi, mweusi mwenye madoa meupe miguuni na michoro myeupe mgongoni. Huyu halii sana, huuma mchana, hupenda vifundo vya miguu chini ya meza na dawati, na ukimfukuza anahamia kwa mtu wa pili. Ndiyo maana mgonjwa mmoja wa dengi katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita anaweza kufuatwa na wengine wanne wa nyumba hiyohiyo. Aedesi haruki mbali. Kwa kawaida hamalizi hata mita 200 kutoka alikozaliwa. Kwa hiyo aliyekuuma saa kumi jioni barazani amezaliwa kwako au kwa jirani yako, na mtaro wa barabara kuu hauhusiki.

Aedesi anataka maji safi, au yanayokaribia kuwa safi, yaliyo ndani ya chombo, hasa kwenye kivuli. Hayo ndiyo maji tunayoyahifadhi wenyewe. Mgao wa maji unatufanya tujaze pipa, ndoo na madumu ili tusikwame katikati ya wiki, na hakuna haki ya kumlaumu mama anayefanya hivyo. Jambo hili ni la zamani. Virusi vya chikungunya, vinavyobebwa na mbu huyuhuyu, vilijulikana kwa mara ya kwanza duniani baada ya mlipuko wa mwaka 1952 huko Newala, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo maji ni ya shida na watu walilazimika kuyatunza majumbani. Jina lenyewe ni la Kimakonde, likieleza mtu anavyojikunja kwa maumivu ya viungo.

Sasa nieleze kwa nini nasisitiza brashi. Aedesi hatagi juu ya maji kama kuleksi. Anatua kwenye ukuta wa chombo, sentimita chache juu ya usawa wa maji, penye unyevunyevu, na kubandika mayai yake mojamoja. Mayai ni meusi, madogo kuliko punje ya ulezi, na yameshika ukutani kama gundi. Ukimwaga maji, mayai yanabaki. Chombo kikikauka, mayai yanakauka nacho bila kufa, na yanaweza kukaa hivyo miezi kadhaa. Yale yaliyotagwa mwishoni mwa masika yanaweza kusubiri kiangazi kizima yakaanguliwa vuli, siku maji yatakapopanda tena na kuyafunika. Hii ndiyo sababu nyumba iliyomwaga kila ndoo Juni inajikuta na mbu Novemba, na watu wanashangaa wametoka wapi. Zaidi ya hapo, jike hatagi mayai yake yote mahali pamoja. Anayagawa, machache kwenye pipa, machache kwenye kopo, machache kwenye tairi. Vyombo tisa vikisuguliwa na cha kumi kikaachwa, ukoo wake umepona.

Utaratibu wenyewe ni huu. Chagueni siku moja ya wiki isiyobadilika, tuseme Jumamosi asubuhi kabla ya kufua. Mulika tochi ndani ya kila chombo. Viluwiluwi wa aedesi hujining'iniza kichwa chini, mkia ukigusa uso wa maji ili wavute hewa, na wakimulikwa wanazama kwa kujinyonganyonga. Ukiona vile vyenye umbo la alama ya mkato vinavyobingirika, jua vimebakisha siku moja au mbili viruke, wala usiseme utarudi kesho. Kama maji unaweza kuyaacha, yamwage kwenye ardhi kavu inayopigwa na jua, usiyamwage kwenye mtaro wenye maji, maana huko wengine watamalizia kukua. Kama maji ni ya thamani, na kwa wengi wetu ni ya thamani, yapitishe kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili, khanga inatosha, ukiyahamishia kwenye chombo kingine kilichokwisha kusuguliwa. Viluwiluwi watabaki kwenye kitambaa, kianike juani.

Kisha sugua chombo kitupu. Sabuni ya unga na brashi ngumu, au kumbi la nazi ukikosa brashi, kuanzia mdomo wa chombo kushuka chini, ukikazia ule mstari ambao maji hufikia kwa kawaida. Ukiwa na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, changanya kidogo na sabuni ya unga mpaka iwe uji mzito, paka ukutani juu ya mstari wa maji, acha dakika 10 hadi 15, sugua, suuza vizuri. Klorini hulainisha ganda la yai na kuliua. Kusugua peke yake kunaling'oa tu. Maji ya suuzo nayo yamwagwe kwenye ardhi kavu, kwa sababu yai lililong'oka bila kufa bado linasubiri maji. Pipa la lita 200 huchukua robo saa. Nyumba ya kawaida haizidi saa moja.

Kufunika kunasaidia endapo mfuniko umebana kweli. Kipande cha bati au ubao kilicholazwa juu ya pipa kinaacha mwanya, na mwanya wa milimita mbili unamtosha mbu. Hapo ni afadhali pipa lingekuwa wazi, kwani umempa giza na kivuli anavyovipenda. Funika kwa kitambaa kizito au wavu uliobanwa kuzunguka mdomo kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kisilegee hadi kigusane na maji, maana atatagia juu ya kitambaa chenyewe. Kwa matangi makubwa ya plastiki yanayowekwa juu ya paa au mnara, tatizo haliko kwenye mfuniko wa kukaza, liko kwenye bomba la kumwagia maji ya ziada. Bomba hilo huachwa wazi na fundi, na mbu hupita humo kama mlangoni. Lifunge kwa wavu wenye matundu yasiyozidi milimita moja, ukibanwa kwa klipu. Huku pwani wavu wa chuma unaliwa na kutu katika muda mfupi kwa sababu ya hewa ya chumvi; chukua wa nailoni au alumini. Chandarua cha zamani chenye dawa usikitumie kwenye tangi la maji ya kunywa. Na mtu apande akague: matangi mengi yana bonde dogo karibu na mfuniko linaloshika maji ya mvua, nusu lita tu, lakini juu kule hakuna anayeliona.

Tairi linastahili aya yake. Ukiliinamisha namna yoyote, mdomo wake wa ndani unabakiza maji, na mpira mweusi unayaweka yakiwa vuguvugu na yenye giza. Hakuna chombo anachokipenda aedesi kuliko hicho, na sisi tumeyapanga kando ya barabara kuzuia magari, tumeyaweka juu ya bati lisipeperuke, tumeyafanya bembea shuleni, na kwa mafundi wa magari na bodaboda yamerundikwa hadi urefu wa mtu. Tairi linalotumika kama bembea litobolewe matundu manne au matano upande wa chini, makubwa kiasi cha kidole gumba ili majani yasiyazibe. La kuzuia magari lijazwe mchanga hadi juu. Yaliyo gereji yawekwe chini ya paa. Turubai lililotandazwa juu yake lina makunjo, na makunjo yanashika maji.

Vitu vinavyosahaulika ni vingi kuliko mapipa. Vifuu vya madafu nyuma ya meza ya muuzaji. Sahani chini ya chungu cha maua, ambayo ni bora kuijaza mchanga ili maji yasionekane juu. Trei nyuma ya jokofu na maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi. Chombo cha maji cha kuku. Shimo la mita ya maji. Mfereji wa paa uliozibwa na majani ya mwembe, ambao hauonekani mpaka upande ngazi. Choo cha wageni kisichotumika, maji yamekaa kwenye bakuli na kwenye tangi lake mwezi mzima. Vipande vya chupa juu ya ukuta wa uzio, kila kimoja na kijiko chake cha maji. Kwenye majengo yanayojengwa, mapipa ya kumwagilia zege, mashimo ya lifti na maji yanayotuamishwa juu ya zege mbichi ili ishike, hayo peke yake yanaweza kulisha mtaa mzima wa mbu, na kwa kuwa hakuna anayeishi pale hakuna anayelalamika. Serikali za mitaa zinapokagua vibali vya ujenzi zingekagua na mapipa.

Kuhusu majani: majani marefu hayazai mbu. Mbu waliokomaa hupumzika humo mchana kukwepa jua, kwa hiyo kufyeka karibu na dirisha kuna faida yake ndogo, lakini nguvu kazi ya mtaa ikiishia kwenye nyasi huku makopo yaliyo ndani ya nyasi hizo yakiachwa, tumefanya kazi nusu, tena ile nusu isiyo na uzito.

Makaro na vyoo vya shimo navyo visisahaulike kwa sababu ya kuleksi. Mfuniko wa karo uliopasuka uzibwe kwa saruji, na bomba la hewa livishwe wavu juu. Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 vyoo vya shimo vyenye maji vilimwagiwa punje nyepesi za plastiki zinazoelea, zikatanda juu ya maji kama blanketi. Jike akakosa pa kutagia, viluwiluwi wakakosa hewa, na pamoja na dawa za minyoo walizopewa wananchi, matende yakashuka sana. Kinachonisikitisha ni kwamba jambo rahisi namna hii, lililofanyika hapahapa kwetu, limebaki kuwa hadithi ya wataalamu.

Wapo wanaomwaga mafuta ya taa au oili chafu kwenye madimbwi. Utando wa mafuta unawanyima viluwiluwi hewa, ni kweli, lakini upepo na mvua vinaupasua ndani ya siku chache, na oili hiyo inaishia kisimani. Dawa ya kibaiolojia ya viluwiluwi, yenye bakteria aina ya Bti, inatengenezwa Kibaha katika kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Haidhuru samaki, kuku wala mtu. Ni ya kuweka mahali maji yasipoweza kumwagwa wala kufukiwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, na inarudiwa kila baada ya wiki moja au mbili kwa sababu jua na maji mapya huimaliza nguvu.

Mchana tunajikingaje? Chandarua cha usiku hakimzuii mbu wa saa mbili asubuhi. Aedesi ana nyakati mbili za ukali: saa moja hadi saa tatu asubuhi, watoto wakiwa njiani au wameshaketi darasani, na saa kumi hadi magharibi, watu wakiwa barazani. Soksi ndefu na suruali ni kinga kubwa kuliko tunavyodhani, maana mbu huyu huanza na miguu. Shule zikiruhusu suruali na soksi ndefu wakati wa masika zitakuwa zimefanya jambo la afya. Nguo nyepesi yenye rangi hafifu, isiyobana. Iliyobana mwilini anaitoboa. Feni ya sakafuni ikielekezwa chini ya meza inasaidia sana ofisini na kwa fundi cherehani, kwa sababu mbu hana nguvu ya kuruka dhidi ya upepo.

Dawa ya kupaka isomwe lebo kabla ya kununuliwa. Tafuta DEET asilimia 20 hadi 30, au ikaridini asilimia 20. Yenye DEET asilimia 7 nayo inauzwa; hiyo inakwisha nguvu ndani ya saa mbili hivi, na mtu anadhani dawa zote ni bure. Paka sehemu zilizo wazi tu, usipake chini ya nguo, wala kwenye mikono ya mtoto mdogo anayeitia mdomoni. Kwa mtoto, mzazi aipake mikononi mwake mwenyewe kwanza kisha amfute nayo. Mtoto wa chini ya miezi miwili asipakwe kabisa, alale ndani ya chandarua. Jasho huiondoa, kwa hiyo anayefanya kazi ya jua arudie baada ya saa tatu au nne. Mchaichai uliopandwa mlangoni haufukuzi mbu. Mafuta yake yakipakwa yanafanya kazi kwa muda mfupi, kisha yanaruka hewani. Dawa ya kuchoma ya mviringo inapunguza mbu, lakini ichomwe barazani. Moshi wake kwenye chumba kilichofungwa, usiku kucha, na mtoto mchanga kitandani, unaumiza mapafu.

Mtoto anayelala mchana alale ndani ya chandarua mchana. Hili nalirudia kila ninapopata nafasi, kwa sababu chandarua kimefungwa fundo juu asubuhi, na mtoto analazwa pembeni saa tano bila kinga, saa ambayo aedesi yuko ndani chini ya kitanda.

Usiku, chandarua kibaki palepale. Dengi isitusahaulishe malaria, ambayo bado inaua watoto wetu. Kipya chenye dawa kianikwe kivulini saa 24 kabla ya kutumiwa ili harufu na muwasho vipungue. Kichomekwe chini ya godoro pande zote. Kikiachwa kuning'inia, upepo unakifungua. Mguu au mkono usiegemee wavu, maana mbu anauma kupitia tundu. Kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na maji baridi, si zaidi ya mara moja kila miezi mitatu, kianikwe kivulini. Jua kali na dawa ya kung'arisha nguo huimaliza dawa ya chandarua, na hilo ndilo kosa kubwa la wenye kupenda kiwe cheupe. Tundu linalopitisha kidole lishonwe siku hiyohiyo. Baada ya miaka mitatu hivi dawa imechoka. Kwa kuwa mbu wengi wamezoea dawa ya zamani, vyandarua vimebadilika: majaribio ya Muleba mkoani Kagera, na baadaye Misungwi mkoani Mwanza, ndiyo yaliyosaidia Shirika la Afya Duniani kukubali vyandarua vyenye dawa mbili au kiongeza nguvu. Ukipewa kipya kliniki ukiwa mjamzito, usikitunze sandukuni kwa ajili ya mgeni.

Ipo sababu nyingine ya kusugua mapipa. Mbu wa malaria kutoka Asia, anofelesi stefensi, ambaye tofauti na ndugu zake huzaliana kwenye matangi na ndoo za mjini, alionekana Djibouti mwaka 2012, akaenea Ethiopia, na mwaka 2022 akapatikana Kenya, katika kaunti ya Marsabit. Miji yetu ikibaki na mapipa wazi, tunamwekea makazi tayari.

Na homa ikishaingia? Nenda ukapimwe malaria siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka kikionyesha ipo, meza dawa mseto yote: kwa mtu mzima vidonge 4 mara sita, jumla 24. Dozi ya pili inafuata saa 8 baada ya ya kwanza, na wengi hukosea hapo wakingoja kesho. Ya tatu ni saa 24 tangu kuanza, kisha kila baada ya saa 12. Imezwe na chakula chenye mafuta au maziwa, vinginevyo haifyonzwi vizuri. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, usinywe dawa mseto kwa kukisia, wala usiridhike. Homa kali ya ghafla, maumivu nyuma ya macho, viungo na mgongo, vipele: uliza kipimo cha dengi. Kile kinachotafuta kirusi chenyewe, NS1, kinafanya kazi vizuri ndani ya siku 5 za mwanzo. Ukichelewa unahitaji kipimo cha kinga ya mwili.

Dengi haina dawa ya kuua virusi vyake. Homa na maumivu yatulizwe kwa paracetamol peke yake, kwa mtu mzima kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziachwe kabisa mpaka dengi ithibitike haipo, kwa sababu huongeza hatari ya kuvuja damu, na hizi ndizo dawa ambazo muuza duka hutoa haraka mtu akisema viungo vinamuuma. Anywe maji, uji mwepesi, madafu, maji ya chumvichumvi ya pakiti moja kwa lita moja, mpaka awe anakojoa angalau kila baada ya saa 6. Maji ya majani ya mpapai yanayonywewa sana msimu huu yasimcheleweshe mtu kufika hospitali.

Hatari inakuja homa ikishuka, kati ya siku ya 3 na ya 7, wakati familia imeshapumua. Maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, kutapika mfululizo, damu puani au kwenye fizi, choo cheusi, kulegea sana au kutotulia, miguu na mikono kuwa baridi: hapo ni hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Aliyewahi kuugua asijione amekingika. Virusi vya dengi viko vya aina nne, kuugua aina moja hakuzuii nyingine, na mara ya pili huwa na hatari zaidi. Mgonjwa mwenyewe alale ndani ya chandarua mchana na usiku wiki ya kwanza. Wakati huo damu yake inaambukiza mbu, na mbu aliyemuuma leo baada ya siku 8 hadi 12 ataanza kuwaambukiza walio nyumba moja naye.

Nimalizie na moshi wa dawa. Kila mlipuko ukitokea, watu hudai mtaa upuliziwe. Moshi huo unaua mbu anayeruka wakati huo, basi. Haugusi kiluwiluwi ndani ya pipa wala yai ukutani, na ndani ya wiki wengine wameshakomaa. Ukipita saa sita mchana, jua limekaza na mbu wamejificha ndani, madirisha yamefungwa, hata hao wachache hawapatikani. Upite alfajiri au jioni, milango wazi, chakula na maji vimefunikwa, tena siku mbili tatu baada ya nyumba zote kusugua vyombo.

Ombi langu kwa gazeti ni dogo. Kuanzia Machi hadi Juni, na tena Oktoba hadi Desemba, chapisheni kila Ijumaa mstari mmoja ukurasa wa mbele: "Kesho ni siku ya kusugua pipa." Na wenyeviti wa mitaa watakaousoma wautangaze msikitini, kanisani na kwa mabalozi wa nyumba kumi, wakitaja saa.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam